Mayai Yako Yakiwa Maabara: Mwongozo wa Siku Sita za IVF

Mama akishatolewa mayai kliniki, hupumzishwa saa chache, hupewa maelekezo ya dawa, kisha huruhusiwa kwenda nyumbani. Kazi inayobaki hufanyika bila yeye. Kwa siku tano au sita mayai yake yako maabara, mikononi mwa mtaalamu wa viinitete, na habari zake humfikia kwa simu fupi: mayai kumi na mawili yametoka, saba yamerutubika, viinitete vitatu vimefika siku ya tano. Kila simu hesabu imepungua, na moyo nao unapungua pamoja nayo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesubiri simu hizo, au unayejiandaa kuanza. Shika jambo moja tangu mwanzo: hesabu hupungua kwa kila mtu. La muhimu ni kujua imepungua hatua gani, maana hapo ndipo daktari atakapojua abadilishe nini iwapo utahitaji kurudia. Tafuta daftari dogo uandike namba tano: mayai yaliyotolewa, mayai yaliyopevuka, mayai yaliyorutubika, viinitete vilivyofika hatua ya blastosisti (ya siku ya tano au ya sita), na viinitete vilivyopandikizwa au kugandishwa. Tutazifuata moja moja.

IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, ina umri wa kutosha wa kuaminika. Mtoto wa kwanza wa IVF, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, kutokana na kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Mama yake alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba. Tatizo hilohilo, mara nyingi kwa sababu ya maambukizi ya zamani yasiyotibiwa vizuri, linawafikisha wanawake wengi wa Afrika kwenye matibabu haya. Nairobi ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006. Na kama unaona uko peke yako, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo la kukosa uzazi wakati fulani maishani.

Kabla ya siku ya kutolewa mayai

Katika mwezi wa kawaida, yai moja tu ndilo hupevuka. Sindano za homoni utakazochoma kwa siku 8 hadi 14 hufanya vifuko kadhaa kwenye ovari vikue kwa pamoja. Daktari huvihesabu na kuvipima kwa ultrasaundi. Hapa ndipo wengi hupata mshtuko wao wa kwanza bila sababu: kifuko unachoonyeshwa kwenye kioo si yai. Ni kijifuko cha maji ambacho ndani yake huenda mna yai, na huenda lisipatikane. Ukiambiwa una vifuko kumi na tano, usihesabu mayai kumi na tano.

Sindano ya mwisho, ile ya kupevusha, ina saa yake kamili. Mayai hutolewa kama saa 34 hadi 36 baada yake: yakitolewa mapema mno hayajapevuka, yakicheleweshwa yanaweza kutoka yenyewe na kupotea. Ukipangiwa saa tatu na nusu usiku, ni saa tatu na nusu. Weka kengele kwenye simu mbili. Ukichelewa, au dawa ikimwagika, piga simu kliniki usiku huohuo. Ratiba inaweza kurekebishwa, lakini kwa sharti kwamba wanajua.

Baba naye ana maandalizi yake. Kliniki nyingi humtaka akae siku mbili hadi tano bila kutoa manii kabla ya siku hiyo. Atumie chombo alichopewa na maabara, bila mafuta, sabuni wala mate, kwa kuwa vyote hivyo hudhuru mbegu. Sehemu ya kwanza ya manii ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Ikimwagika, aseme bila aibu. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo, na sigara iliyoachwa jana haijasaidia bado. Kama yeye ni baharia, dereva wa masafa, au anafanya kazi Muscat na hana hakika ya likizo, au anaogopa kushindwa kutoa siku yenyewe kwa wasiwasi, ombeni mapema mbegu zigandishwe. Si jambo la ajabu, na huokoa mzunguko mzima.

La mwisho ni dogo lakini watu wa Pwani hulisahau: siku hiyo msijipake manukato, msijifukize udi, wala msivae nguo zilizofukizwa. Maabara huchuja hewa yake kwa sababu mivuke ya kemikali, hata ile yenye harufu nzuri, inaweza kudhuru viinitete.

Siku ya sifuri: mayai yanatoka

Utapewa dawa ya usingizi. Daktari hupitisha sindano nyembamba kwenye ukuta wa uke huku akiongozwa na ultrasaundi, na kufyonza maji ya kila kifuko. Kazi hiyo huchukua kati ya dakika 15 na 30. Maji hupelekwa maabara yangali na joto, ambako mtaalamu huyamimina kwenye kisahani na kutafuta yai kwa darubini. Yai lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na hutoka limezungukwa na seli nyingi laini zilizolilea ndani ya kifuko.

Utaulizwa jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa mara kadhaa, na watu tofauti. Usikereke. Kila kisahani huandikwa utambulisho wako, na kila mayai au mbegu zinapohamishwa chombo, mtu wa pili au mfumo wa kielektroniki hushuhudia kwamba majina yanalingana. Kliniki isiyokuuliza ndiyo ya kutilia shaka.

Ukizinduka utapewa namba ya kwanza. Tuchukue mfano wa mayai 12, na tuufuate hadi mwisho.

Namba ya pili ni ya yaliyopevuka. Yai lililopevuka limeshapunguza kromosomu zake kwa nusu na kusukuma nusu iliyobaki pembeni kama kijipande kidogo kinachoonekana kwa darubini. Ni hilo tu linaloweza kurutubishwa ipasavyo. Kwa kawaida kama robo tatu ya mayai huwa yamepevuka, au zaidi kidogo. Katika mfano wetu ni 9. Kama mayai yako yanarutubishwa kwa njia ya kisahani, itakayoelezwa hapa chini, utaijua namba hii kesho yake, maana seli zinazolizunguka yai haziondolewi siku ya sifuri na upevu hauonekani vizuri.

Ukiwa nyumbani, uangalie mwili wako mwenyewe. Tumbo kujaa kidogo na matone ya damu ni kawaida. Tumbo likivimba haraka, ukitapika mfululizo, mkojo ukipungua, ukishindwa kuvuta pumzi vizuri, ukipata homa au damu nyingi, piga simu kliniki mara moja au nenda hospitali. Ovari zilizochochewa kupita kiasi zinaweza kuleta hatari, hasa kwa wenye mayai mengi.

Njia mbili za kurutubisha

Njia ya kwanza ni ya kisahani. Manii husafishwa ili zibaki mbegu zinazoogelea vizuri, kisha makumi ya maelfu ya mbegu huwekwa pamoja na yai kwenye kimiminika na kuachwa usiku kucha. Mbegu zenyewe hupenya seli zinazolizunguka yai, kisha ganda lake, na moja huingia.

Njia ya pili ni ICSI, ambayo kliniki nyingi huitamka iksi. Ilianzia Brussels, Ubelgiji, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1992. Mtaalamu huondoa seli zinazolizunguka yai, huchagua mbegu moja, huigonga mkia ili itulie, huinyonya kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, kisha huichoma ndani ya yai huku yai limeshikiliwa na mrija mwingine. Yai moja, mbegu moja. Mayai machache huharibika kwa kuchomwa. Maabara nzuri haivuki asilimia 10, na bora zaidi haivuki 5.

ICSI imewapa watoto wanaume ambao zamani wangeambiwa hawawezi kabisa: wenye mbegu chache mno, zisizoogelea, au ambazo hazitoki kabisa na hulazimika kuchukuliwa kwenye korodani kwa upasuaji mdogo. Hutumika pia kwa mayai yaliyogandishwa, na kwa mke na mume ambao mayai yao hayakurutubika mara iliyopita. Lakini mbegu zikiwa nzuri, ICSI haiongezi nafasi ya kupata mtoto, inaongeza gharama tu. Ukiona imeandikwa kwenye bili yako, uliza: sababu yetu ni ipi? Jibu la kwamba humfanyia kila mtu halitoshi.

Siku ya kwanza: simu ya kwanza

Saa 16 hadi 18 baada ya mbegu na yai kukutanishwa, mtaalamu huangalia tena. Anatafuta vitu viwili vya mviringo katikati ya yai: kiini kimoja kina urithi wa mama, cha pili kina wa baba. Vikiwa viwili, yai limerutubika sawasawa. Visipoonekana kabisa, kwa kawaida halijarutubika. Vikiwa vitatu, huenda mbegu mbili zimeingia au yai halikutupa nusu yake ya kromosomu. Kiinitete hicho hakipandikizwi hata kikigawanyika vizuri, kwa sababu kina urithi uliozidi.

Hapa unaweza kupima maabara yako. Wataalamu wa viinitete wa Ulaya na nchi nyingine walikutana Vienna, na mwaka 2017 wakachapisha viwango ambavyo maabara yoyote inapaswa kuvifikia. Kwa ICSI, angalau asilimia 65 ya mayai yaliyochomwa yarutubike, na lengo la juu ni 80. Kwa njia ya kisahani, angalau asilimia 60 ya mayai yote, na lengo ni 75. Angalia kwamba hesabu hizi hazifanani chini: ICSI hugawanya kwa mayai yaliyopevuka peke yake, kisahani hugawanya kwa yote. Katika mfano wetu, 9 yalichomwa na 7 yakarutubika, yaani kama asilimia 78. Ni hesabu nzuri. Kumbuka pia kwamba viwango hivi hupimwa kwa wagonjwa wengi. Mtu mmoja mwenye mayai manne anaweza kupata yote au kukosa yote bila maabara kukosea chochote.

Simu ikisema hakuna lililorutubika, ni pigo. Usiamue lolote siku hiyo. Waliotumia kisahani mara nyingi hupata matokeo mengine kabisa kwa ICSI, na waliotumia ICSI kuna uchunguzi wa mbegu na wa yai unaoweza kufanyika kabla ya mzunguko ujao.

Siku ya pili hadi ya nne: ukimya

Siku ya pili kiinitete kinachokwenda vizuri kina seli nne, siku ya tatu kina nane. Mtaalamu anaangalia kama seli zinalingana ukubwa na kama kuna vipande vilivyomeguka kati yake. Vipande vichache havina neno.

Hadi hapo, kiinitete kinaishi kwa akiba ambayo yai lilijiwekea. Kati ya seli nne na nane, jeni zake zenyewe huanza kufanya kazi. Viinitete vingi husimama katika mpito huu, na kwa wengi sababu ni kromosomu zilizopungua au kuzidi. Hali hiyo huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda: baada ya miaka 35 huonekana wazi, na kufikia 40 zaidi ya nusu ya viinitete huwa na kasoro ya kromosomu. Kusimama kwa kiinitete hakukutokana na chakula ulichokula juzi, gunia uliloinua, wala ugomvi wa nyumbani. Kilikuwa maabara, hayo hayakukifikia.

Kilipo, kimewekwa ndani ya inkubeta yenye joto la nyuzi 37, kaboni dayoksaidi ya asilimia 5 hadi 6, na oksijeni ya takriban asilimia 5 peke yake, ingawa hewa tunayovuta ina 21. Sababu ni kwamba mirija ya uzazi na mji wa mimba vina oksijeni kidogo, na maabara huiga mazingira hayo. Kimiminika chake kina chumvi, sukari na asidi za amino. Kila inkubeta inapofunguliwa, joto na hewa huyumba, ndiyo maana maabara nyingi haziangalii viinitete siku ya pili au ya nne. Simu isipopigwa siku hizo, si habari mbaya.

Kwetu, ambako umeme hukatika bila taarifa, uliza jambo moja kabla hujalipa: umeme ukikatika, inkubeta zinashikiliwa na nini, na jenereta huwaka baada ya muda gani? Maabara ya kweli ina betri zinazoshika papo hapo, jenereta, na kengele inayompigia mtaalamu hata usiku wa manane. Watakujibu bila kusita, kwa sababu ni swali wanalojiuliza wao kila siku.

Baadhi ya kliniki zitakuuzia inkubeta yenye kamera inayopiga picha kiinitete kila baada ya dakika chache. Picha ni za kuvutia na humsaidia mtaalamu kuangalia bila kufungua mlango. Lakini majaribio makubwa yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2023 na 2024 hayakuonyesha kwamba inkubeta hiyo inaongeza watoto wanaozaliwa. Ikiwa imo ndani ya bei, vyema. Ikiwa unaongezewa gharama, unaweza kukataa bila hofu.

Siku ya tano na ya sita: blastosisti

Siku ya nne seli hubanana hadi mipaka yake haionekani. Siku ya tano au ya sita maji hujikusanya ndani, na kiinitete huwa blastosisti chenye seli mia moja au zaidi. Sasa zimegawana kazi: fungu moja upande wa ndani ndilo litakalokuwa mtoto, na tabaka la nje ndilo litakalotengeneza kondo la nyuma. Ganda la yai huwa jembamba, mwisho hupasuka, na kiinitete hutoka ili kijishikize.

Utasikia daraja kama 4AB. Mfumo huu ulitolewa na Gardner na Schoolcraft mwaka 1999, na kuusoma ni rahisi. Namba, 1 hadi 6, inaeleza kimepanuka kiasi gani: 3 kimejaa, 4 kimetanuka na ganda limekuwa jembamba, 5 kinatoka kwenye ganda, 6 kimeshatoka. Herufi ya kwanza ni ya fungu la ndani, ya pili ni ya tabaka la nje. A ina maana seli nyingi zilizoshikamana vizuri, C ina maana chache na zilizotawanyika. Kwa hiyo 4AB ni kiinitete kilichotanuka, chenye fungu zuri la ndani na tabaka la nje la wastani.

Daraja hupanga foleni ya kipi kitangulie kupandikizwa. Halioni kromosomu, na halitabiri mtoto. Viinitete vya daraja la BC vimezaa watoto wazima, na AA vimeshindwa.

Kiwango cha Vienna kwa hatua hii: angalau asilimia 40 ya mayai yaliyorutubika sawasawa yafike blastosisti, na lengo ni 60. Katika mfano wetu, kati ya 7 vimefika 3, kama asilimia 43. Mwanamke aliyeanza na mayai 12 na kubaki na 3 hajapoteza 9 kwa uzembe wa mtu. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Hata mwilini, mayai mengi yanayorutubika hayafiki kuwa mimba. Tofauti ni kwamba huko hakuna anayepiga simu.

Kama viinitete ni viwili au vitatu tangu mwanzo, daktari anaweza kushauri vipandikizwe siku ya tatu. Maabara haiwezi kukifanya kiinitete dhaifu kiwe na nguvu. Kusubiri siku ya tano husaidia kuchagua, na pasipo vingi vya kuchagua faida hiyo hupungua.

Unaweza pia kuambiwa kuhusu kupima kromosomu. Mtaalamu hutoa seli kama tano hadi kumi za tabaka la nje, kiinitete hugandishwa, na seli hupelekwa kupimwa. Kipimo hiki hakikiponyi kiinitete wala hakiongezi idadi ya vilivyo vizima. Huonyesha kipi kipandikizwe kwanza. Kipimo tofauti, chenye maana kubwa kwetu, ni kile cha ugonjwa wa kurithi unaojulikana. Ikiwa nyote wawili mna chembe za selimundu, kiinitete kinaweza kupimwa kama kimerithi ugonjwa wenyewe. Semeni mapema, kwa sababu maandalizi yake huchukua wiki kadhaa kabla ya sindano ya kwanza.

Kupandikiza na kugandisha

Kupandikiza hakuhitaji dawa ya usingizi. Utaambiwa unywe maji, kwa kuwa kibofu kilichojaa husaidia mji wa mimba uonekane vizuri kwenye ultrasaundi. Kiinitete huingizwa kwa mrija mwembamba laini kupitia mlango wa kizazi, na kazi huisha kwa dakika chache. Kisha unaweza kwenda haja. Kiinitete hakidondoki ukisimama, ukikohoa au ukikojoa, na tafiti zimeonyesha kwamba kulala kitandani siku nzima hakuongezi chochote. Kinachohitajika ni kuendelea na dawa za projesteroni kama ulivyoandikiwa.

Shinikizo la kupandikiza viwili au vitatu litakuwepo, wakati mwingine kutoka kwa mawifi na mashangazi: umelipa fedha nyingi, si bora mapacha? Mapacha huzaliwa njiti mara nyingi zaidi, na mama hupata shinikizo la damu na upasuaji zaidi. Hospitali nyingi zetu hazina vitanda vya kutosha vya watoto njiti. Kiinitete kimoja kizuri kwa wakati mmoja, vingine vikigandishwa, ndiyo njia salama kwa walio wengi.

Kugandisha siku hizi hufanywa kwa haraka kiasi kwamba barafu haipati nafasi ya kutengenezeka ndani ya seli, kisha kiinitete huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Maabara nzuri hurudisha hai zaidi ya asilimia 90 ya viinitete. Mtoto wa kwanza wa kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984. Wakati mwingine daktari atagandisha vyote bila kupandikiza mwezi huo, hasa ovari zikiwa zimevimba. Huo ni usalama wako, usiuone kama ucheleweshaji.

Kabla ya kutia saini, someni fomu wawili. Viinitete vitahifadhiwa miaka mingapi na kwa ada gani? Mmoja akifariki au ndoa ikivunjika, itakuwaje? Vilivyobaki vitaharibiwa, vitatolewa kwa wengine, au kwa utafiti? Swali la dini nalo liamuliwe hapa, si baadaye. Wanazuoni wengi wa Kisunni huruhusu IVF ikiwa yai ni la mke, mbegu ni za mume, na ndoa ingalipo. Mbegu au yai la mtu mwingine hukatazwa. Kanisa Katoliki, katika maelekezo yake ya mwaka 1987, lilipinga kurutubisha nje ya mwili. Zungumzeni na mnayemwamini kabla mayai hayajatoka.

Kipimo cha damu cha mimba hufanyika kwa kawaida siku 9 hadi 14 baada ya kupandikizwa. Kupima mkojo mapema nyumbani kunaweza kukudanganya, maana baadhi ya sindano za kupevusha zina homoni ileile inayopimwa. Ukiona damu kabla ya siku hiyo, usiache dawa kwa uamuzi wako. Piga simu kwanza.

Kusoma daftari lako

Kama mimba haikushika, omba kikao cha tathmini na uende na zile namba tano. Ukiona vifuko vilikuwa vingi na mayai machache, ongeeni kuhusu kipimo cha dawa na saa ya sindano ya mwisho. Mayai mengi lakini machache yaliyopevuka, swali bado ni la sindano hiyo na muda wake. Yaliyopevuka mengi lakini yasiyorutubika, zungumzeni kuhusu mbegu na njia iliyotumika. Yaliyorutubika vizuri lakini yakasimama baada ya siku ya tatu, ulizeni kuhusu umri wa mayai, uchunguzi wa mbegu, na jinsi wagonjwa wengine wa mwezi huo walivyofanya kwenye maabara hiyohiyo. Blastosisti nzuri zikipandikizwa na kukosa, macho yaelekezwe kwenye kromosomu na kwenye mji wa mimba: uvimbe wa faibroidi, kovu, au maji yanayorudi kutoka kwenye mirija iliyoziba.

Mwishoni omba nakala ya ripoti ya maabara, yenye madaraja ya viinitete na tarehe zake, siyo muhtasari wa mdomo. Ukiamua kuendelea palepale, daktari ana kitu cha kurekebisha. Ukihamia kliniki nyingine, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, daktari mpya ataanzia pale mwenzake alipoishia, nawe hutalipia majaribio ambayo mwili wako umeshayajibu.